Nukta Niliyoiweka Wusi

Jumanne, 2 Septemba

Stima imepotea tangu asubuhi. Mashine ya kopi imelala, wateja wananiangalia kama mimi ndiye niliyekata waya. Nimefunga duka mapema nikaenda mtaa wa Kaloleni na Otieno, mwenzangu wa ramani, kumalizia kuchora vichochoro vya nyuma ya reli. Jua la Voi halina adabu. Vumbi mpaka kwenye meno.

Tumeweka kwenye ramani bomba la maji, choo cha umma kisichofunguliwa na kanisa jipya la mabati. Otieno anataka hata vibanda vya chapati viwekwe. Nikamwambia kibanda kina magurudumu, kesho hakipo. Akasema yawa, si leo kipo? Tumebishana mpaka mwenye kibanda akatuuliza kama tunanunua au tunamfukuzia wateja.

Wanafunzi wangu kumi wa darasa la ramani la Jumatano wameniuliza tena tunalipwa na nani. Hatulipwi. Ramani hii ni huria. Haina mwenyewe. Kila mtu anachangia, kila mtu anachukua, anaipeleka anakotaka. Kompyuta yangu ni mtumba wa Mombasa lakini programu zote zilizo ndani ni huria vilevile, ukitaka unazifungua uone zilivyoundwa. Naandika kwenye ubao kila darasa: kilichopo ardhini kiwekwe kwenye ramani. Sheria hiyo naishika kuliko amri kumi, Mungu anisamehe.

Mama amepiga simu. Baba mdogo ananitaka nyumbani, Wusi, Jumamosi. Hasemi kwa nini. Nimechoka mno lakini nitaenda, maana nisipoenda atanitukana mpaka Krismasi.


Jumamosi, 6 Septemba. Wusi.

Sasa najua. Baba mdogo Mwakio amenipeleka kwa wazee.

Tangu utotoni nilisikia kuna pango. Shuleni tulisoma mistari miwili tu, kwamba Wataita wa kale walimzika mzee, halafu baada ya muda wakakitoa kichwa chake na kukikalisha pangoni pamoja na wenzake wa ukoo. Makanisa yalipokuja desturi ikaisha. Lakini waliokwisha kukalishwa hawakuhamishwa. Wako palepale, juu ya mashamba yetu, na mimi nimekula mahindi ya chini yao miaka yote bila kujua mlango uko wapi.

Baba mdogo amenitukana njia nzima. Nakanyaga kama ndovu. Nahema kama pasta. Goti lake ni bovu, lakini alinitangulia na panga, akinung'unika kuhusu timu yake iliyofungwa jana redioni. Ni mzee wa kanisa huyu, yeye ndiye hupiga kengele Jumapili, na mfukoni alikuwa na dengelua, pombe yetu ya miwa, kwenye chupa ya soda. Amewamwagia wazee kidogo. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha.

Wamekaa kwa safu kwenye ukingo wa jiwe. Hawatishi. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Amenitajia mmoja mmoja kuanzia kushoto, akiwaonyesha kwa kidevu, kwa sababu kwetu mkubwa haonyeshwi kwa kidole. Huyu Shako. Huyu Mghalu, aliyekosana na kaka yake kwa sababu ya ng'ombe, ndiyo maana wametenganishwa. Mwingine alikuwa mrefu. Mwingine alikufa mwaka wa njaa. Yeye hawatambui kwa sura, anawatambua kwa kiti. Alifundishwa na babu yake hivyo, nani anakaa karibu na nani, na kwa nini.

Mimi nilikuwa na simu mkononi. Chini ya mwamba simu haipati setilaiti, kwa hiyo nilikuwa natoka nje kidogo, nainyanyua, narudi. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema naweka alama, pasipotee. Akasema, "Usiandike popote, Wakesho. Weka kichwani."

Nikasema ndiyo, Baba mdogo.

Ameniambia kwa nini ni mimi. Mwanawe mkubwa yuko Mombasa, ameokoka, anasema haya ni ya shetani. Mghanga kitinda mimba anaendesha boda na kichwa chake kimejaa petroli, ndivyo anavyomsema. Ukoo hauwezi kubaki na mtu mmoja anayejua, tena mwenye goti. Marehemu baba ndiye alikuwa mkubwa wao, kwa hiyo jambo lirudi nyumba yetu, na kaka yangu kazi yake ya ulinzi haimpi likizo. Nimejiona mkubwa. Nimeshuka mlima nikiwa na kiburi, sifichi.


Jumapili, 7 Septemba

Nimerudi Voi. Nimefikiria njia nzima.

Kichwani? Kichwa changu kinasahau namba ya siri ya simu. Nikigongwa na lori la saruji pale barabara kuu, nani atajua? Baba mdogo akidondoka na goti lake je? Vitu vingapi vimepotea kwa sababu vilikuwa kichwani mwa mtu. Msitu wa matambiko wa kwao mama umebaki mikaratusi mitupu na hakuna anayeweza kusema ulianzia wapi. Mimi najua njia moja tu ya kutunza kitu, na nimeifundisha watu wazima kwa chaki.

Nimeiweka. Nukta moja. Pango, mahali pa kale, jina la ukoo wetu. Na njia ya miguu tuliyopita, kutoka shambani mpaka mlangoni.

Hajui na hataona. Simu yake ni ya kupokea tu. Nimelala vizuri.


Jumatano, 17 Septemba

Darasa limehamia Werugha leo, kwa kikundi cha maziwa. Wanataka kujua gari la kukusanya maziwa lipite wapi mvua zikianza. Ukungu tangu asubuhi. Kwenye picha za setilaiti Werugha yote ni wingu, ukitaka kuchora lazima utembee. Tumetembea. Viatu vimekwisha. Mama mmoja amenipa kabichi kubwa kuliko kichwa changu, nimeibeba kama mtoto hadi Voi.

Mchangiaji mmoja wa nchi za mbali ameniandikia kusifu kazi yangu ya Wusi. Anasema ni nadra kuona sehemu za mashambani zikichorwa kwa makini hivi, hasa mahali pa kale. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.


Jumanne, 14 Oktoba



Nilikuwa natoa kopi za vitambulisho. Otieno akaingia bila salamu, akaweka simu yake juu ya kaunta, akasema, "Wakesho, hapa si kwenu?"

Ni video. Kijana wa kofia nyekundu, wa Nairobi kwa jinsi anavyoongea. Anapanda. Nimeutambua mteremko kabla hajafika popote. Anaigeuza simu yake kuelekea kamera, na pale kwenye kioo kuna ramani, kwenye ramani kuna nukta, na pembeni jina la ukoo wetu kama nilivyoliandika mimi mwenyewe. Anasema wasee, hii place haiko kwenye kitabu chochote cha watalii. Iko hapa tu.

Halafu ndani. Amewatoa kwenye kivuli. Amewapanga upya kwenye jiwe la mbele penye mwanga, wakubwa katikati, wadogo pembeni, kama picha ya harusi. Amemnyanyua mmoja mpaka usawa wa uso wake. "Niaje, buda?" anamsalimia, kama mwenzake wa kijiweni. Na huko chini ya video watu wamejaza vicheko.

Nimefunga duka na mteja akiwa ndani. Ilibidi nimfungulie tena atoke.




Jumatano, 15 Oktoba

Nimeifuta nukta. Nimeifuta njia. Imechukua muda wa kunywa maji.

Lakini mimi si mgeni, najua inavyokwenda. Nilichokifuta kinaendelea kukaa kwenye historia ya ramani, mwenye kutaka anakichimbua. Na walioipakua Wusi kwenye simu zao kabla ya leo wanayo, hakuna wa kuwanyang'anya. Programu ya safari ya yule kijana inachota ramani yetu kila baada ya muda. Nyingine sijui ni ngapi. Ndio uhuru wenyewe. Kila mtu anachukua, anaipeleka anakotaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasifia watu wingi wa maji.

Otieno amejaribu kunifariji. Akasema sikuwa na nia mbaya. Nimemfokea. Nia nzuri haifuti kitu, nimemwambia. Ameondoka amenuna, na ana haki.


Alhamisi, 16 Oktoba

Imerudi!

Ni yule yule mchangiaji wa mbali aliyenisifu. Ameirudisha nukta na njia, na ameniandikia kwa upole kwamba huenda niliifuta kwa bahati mbaya. Na kama sikukosea, basi anikumbushe kwamba kitu kilichopo hakifutwi kwa sababu mtu hakipendi. Kilichopo ardhini kiwekwe kwenye ramani. Amenifundisha sheria yangu.

Nimemjibu. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Nimemwambia ni vichwa vya babu zangu, na kwamba hakuna aliyeniruhusu. Kuliandika hilo la mwisho kumeniuma kuliko yote, maana mpaka leo sikuwa nimelisema hata kimoyomoyo.

Nina hasira naye. Hana kosa lolote. Nina hasira naye tu.


Ijumaa, 17 Oktoba

Amejibu. Ameomba radhi, ameitoa mwenyewe na ameacha ujumbe kwa wengine wasiirudishe. Mtu mwema. Anasema angetamani kuelewa zaidi kuhusu desturi yetu, kama sitajali kumweleza.

Nitajali.

Mama amepiga simu. Video imeingia kwenye grupu ya ukoo ya wasapu. Imetumwa na binamu wa Mombasa, yule aliyeokoka, bila neno lolote chini yake. Mama hakuniuliza kitu. Aliniambia tu nije kesho, na nije asubuhi.


Jumamosi, 18 Oktoba. Wusi.

Nimemwambia. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, nikasema yote nikiwa nimesimama, sikungoja kiti. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nayahitaji, kusema kweli. Baba mdogo anaweza kutukana tangu kengele ya kwanza mpaka ya pili bila kurudia neno.

Hakutukana. Aliweka panga chini, akanawa mikono, akasema twende.

Njia imekanyagwa. Sisi tulipita tukiinama chini ya matawi, sasa yamevunjwa. Kuna chupa ya maji ya plastiki mlangoni. Nimeiokota nikaitia kwenye mkoba.

Ndani wako kwenye jiwe la mbele, vilevile kama kwenye video. Kijana alipiga picha yake akaenda zake, hakurudisha. Baba mdogo alisimama mbele yao. Halafu akavua kofia. Akamchukua mmoja, mwenye ufa juu ya jicho, akasema huyu ni Shako, huyu namjua. Akampeleka kwenye kiti chake cha kushoto. Akamchukua mwingine mwenye pengo la meno, akampeleka. Akamshika wa tatu. Akamgeuza. Akamrudisha chini. Akamshika tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nimesema yeye huwatambua kwa kiti. Sasa viti viko wazi na wenyewe wamechanganywa.

Akanigeukia. Macho yake hayaoni vizuri tena, yangu ni mazima. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi nilikuonyesha, Wakesho. Uliwaona walivyokaa. Baada ya Mghalu alikaa nani?"

Sikumbuki.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu pale, nikafumba macho. Ninachokiona ni simu yangu. Naona duara la bluu la mahali nilipo likipungua, likikaribia, likitulia. Naona namba za mahali. Hizo nazikumbuka, naweza kuziandika hapa sasa hivi mpaka tarakimu ya mwisho. Lakini aliponiambia wa tatu ni nani na kwa nini amekaa pale, mimi nilikuwa nje ya pango mkono ukiwa juu.

Nikamwambia sikumbuki, Baba mdogo. Akaitikia kwa kichwa. Akawaweka waliobaki pamoja ndani zaidi, penye giza, akawafunika na majani makavu. Tumeshuka. Hakusema lolote kuhusu ninavyokanyaga.

Mama ameniwekea chakula, sikula. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akaona aibu kuwa amelisema, akanishika bega.


Jumanne, 21 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu ya Mashujaa. Watu walikwenda uwanjani, mimi nilikaa ndani nikimtafuta yule kijana. Leo amejibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimeandika matusi pembeni nikachagua makali. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Aliposikia kwamba ni babu zangu akaanza kuniita sista kwenye simu, akaapa alidhani ni mahali pa makumbusho, si iliandikwa mahali pa kale? Si iliandikwa na mimi?

Video ameitoa. Kuna walioinakili, hilo linajulikana. Nimemwomba ile yote, kabla ya kukatwakatwa, tangu alipoingia mlangoni. Kama kamera iliwaona kabla hajawagusa, wataonekana walivyokaa.

Ametuma. Nimeitazama polepole, picha kwa picha, kwa programu ile ile huria ninayowafundishia watu kukata video. Alipoingia hakuwa amewasha taa. Upande wa kushoto unaonekana kidogo, mwanga wa mlangoni unawafikia. Upande wa kulia ni giza. Nimeongeza mwanga mpaka picha yote ikawa chembechembe tupu kama mchanga. Hakuna kitu pale.

Nusu. Nimepata nusu.


Jumamosi, 25 Oktoba. Wusi.

Nilimpelekea Baba mdogo picha nikiwa nimezichapisha kubwa, asihangaike na kioo cha simu. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alivaa miwani, akaziangalia mezani, akamwita Mghanga, wakaenda wawili. Mimi niliambiwa nibaki na mama.

Mghanga amerudi na tope magotini. Ameniambia karibu wote wamepata viti vyao. Mmoja Baba mdogo alimjua kwa meno, mwingine kwa ukubwa. Wamebaki wawili wa upande wa kulia. Mmoja ni Mwambogha na mwingine ni yule aliyekufa mwaka wa njaa, jina lake Kirigha, lakini yupi ni yupi Baba mdogo hawezi kusema. Amejaribu kuwakalisha hivi, halafu vile. Mwisho amewaweka pamoja katikati ya viti viwili.

Mghanga aliniambia bila kunilaumu. Yule niliyekuwa nikimcheka kwa petroli kichwani. Akasema mzee alikuwa anawaomba radhi kila anapowabadilisha.

Naona aibu mpaka kwenye mifupa. Nisiseme neno hilo. Naona aibu.


Jumatano, 29 Oktoba

Darasa. Nimefika kwenye ubao, nimeshika chaki, sikuweza kuandika ule mstari wa kilichopo ardhini. Nikawaambia wafungue tu programu, tuchore barabara. Mzee mmoja wa Kaloleni, mstaafu wa reli, akauliza kama kuna kitu ambacho hakifai kuwekwa. Nikamwambia ndiyo. Akasubiri nimweleze zaidi. Nikawaambia wakiwa hawana hakika, wamuulize mwenye mahali, na akikataa wamsikilize hata kama wanadhani wanamsaidia.

Inasikika kama hekima. Nimeipata kwa gharama ya watu wengine.

Nimemwomba Otieno msamaha. Akasema ilishapita, akaninunulia chapati. 


Jumamosi, 8 Novemba. Wusi.

Kikao cha ukoo. Kimefanyika kwa Baba mdogo, wanaume ndani, sisi jikoni, mvua juu ya mabati kiasi kwamba hatukusikia chochote. Mwadime kaka yangu alikuja kutoka kazini akiwa na sare yake ya ulinzi. Yeye ndiye mwanamume wa nyumba yetu tangu baba afariki.

Ametoka. Nimemfuata mpaka zizini ndipo akaniambia. Wazee wa pangoni watahamishwa. Mahali pengine, kwa siku ambayo haitatangazwa. Watakaojua ni Baba mdogo na Mghanga, na mmoja wa nyumba ya tatu. Nyumba yetu haitajua. Nikamuuliza, hata wewe? Akasema hata yeye. Nikamuuliza, na watoto wako? Akasema nyumba, Wakesho. Nyumba ni watoto pia.

Walimpa nafasi ya kusema. Aliukubali uamuzi. Baba mdogo, anasema Mwadime, alitoa uamuzi huo huku analia, na hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata kwenye maziko ya baba.

Kwa hiyo baba yangu, aliyekuwa mkubwa wao, wajukuu zake hawatajua babu zao wamekaa wapi. Ni mimi niliyefanya hivyo. Na nilifanya ili wasije wakasahau.

Nilikwenda kumuaga Baba mdogo. Akanipa kiti. Akamwagiza mtoto soda. Akaniuliza Voi kuna mvua, na duka linaendeleaje, na kama njiani nilifika salama. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza kama nimefika salama. Nimekunywa soda ya wageni nikamaliza.


Jumatatu, 17 Novemba

Kazi. Vitambulisho, fomu, barua za kuomba kazi. Mvua imeshuka Voi pia, vumbi limegeuka tope. Nimechora daraja la miguu lililosombwa kule Kaloleni ili watu wazunguke. Imesaidia, Otieno anasema watu wa boda wameliona kwenye simu na wamepita upande wa pili. Vizuri. Sikuhisi kitu.

Nimefikiria kuacha ramani kabisa. Kisha nikamkumbuka yule mama wa Werugha na gari la maziwa. Siachi. Lakini Wusi siigusi tena. Nikifika pale kwenye kioo nasogeza kwa haraka.


Jumapili, 23 Novemba. Wusi.

Nilikuja kumpeleka mama kanisani. Baba mdogo amepiga kengele kama kawaida. Baada ya ibada tumekula kwake wote, wali na maharage, watoto wengi, kelele. Redio ilikuwa ikitangaza mpira na hakuna aliyeisikia.

Nilikuwa uani naosha vyombo. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi. Nikamwona Baba mdogo anasimama mlangoni amebeba kikapu kilichofunikwa kanga, na Mghanga nyuma yake. Mghanga alikuwa na jembe. Hawakuaga mtu. Kelele ndani hazikupungua, lakini mama alitoka akasimama karibu nami, na nikajua kwamba wote waliokuwa mle ndani wanajua ni siku yenyewe.

Baba mdogo alisimama pale ngazini akiniangalia. Hakuniambia niondoke. Kutoka uani kwake njia zote za mlima zinaonekana, ya juu, ya chemchemi, ya kwenda ng'ambo. Alikuwa anangoja tu.

Nikageuka. Nikaangalia ukuta wa jikoni, udongo wake na moshi wake, nikaendelea kusugua sufuria ile ile. Mama naye akageuka. Tulikaa hivyo. Nilisikia panga likigonga kiatu, halafu sikusikia kitu.

Walirudi jioni. Nilikuwa nimekwisha kuaga. Ardhi ilikuwa laini na nyayo zao zingeonekana mpaka kesho, kwa hiyo sikupitia njia ya mkato shambani. Nimeshuka kwa barabara ya gari, mzunguko mrefu, nikiangalia mbele.